Mkono wa gia otomatiki

Mkono wa gia otomatiki ni wenzo unaotumiwa na dereva wa gari lenye giaboksi ya kujibadilishia gia kuchagua kama gari liegeshwe, lirudi nyuma, likae bila gia au liende mbele. Katika magari mengi mkono huu umewekwa sakafuni kati ya viti viwili vya mbele. Katika mengine uko kwenye dashibodi au kando ya usukani. Tofauti na mkono wa gia wa gari la klachi, hautumiki kupanda kutoka gia ya kwanza hadi ya pili na ya tatu wakati wa safari. Kazi hiyo hufanywa na giaboksi yenyewe.

Sehemu nyingi za mkono huu zinafikika kwa bisibisi na spana za kawaida, kwa hiyo wenye magari wengi huzitengeneza wenyewe nyumbani. Hubadilisha kirungu kilichochakaa, balbu ya herufi, bushi ya kebo au kifuniko kilichovunjika. Hitilafu zinazojitokeza baada ya kazi hiyo kwa kawaida hazimaanishi kwamba giaboksi imekufa. Mara nyingi kuna kitu kilichorudishwa vibaya au kusahaulika. Nyingi kati yake ni usumbufu tu, kwa mfano gari kukataa kuwaka. Moja ni ya hatari: mkono kuonyesha P wakati giaboksi haiko kwenye P. Gari la namna hiyo linaweza kuserereka lenyewe baada ya dereva kushuka.

Herufi na maana zake

Herufi zilizoandikwa kando ya mkono zimetokana na maneno ya Kiingereza, na kwa kawaida hupangwa kwa utaratibu mmoja:

- P ni ya kuegesha. Giaboksi hufungwa kwa chuma ili magurudumu yanayosukuma gari yasizunguke.
- R ni ya kurudi nyuma, yaani rivasi.
- N ni nyutro, ambayo madereva wengi huiita "fri". Injini haisukumi magurudumu, na magurudumu hayakufungwa.
- D ni ya kwenda mbele.

Baada ya D magari mengine huwa na herufi au tarakimu za ziada, kama vile L, 2, S au B, kwa ajili ya miteremko, mizigo mizito au mwendo wa kasi. Mpangilio wa R, N na D haukutokea kwa bahati. Kanuni za usalama za Marekani zinataka N ikae kati ya kwenda mbele na kurudi nyuma, ili dereva asiruke kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa mara moja.

Jinsi unavyofanya kazi

Mkono wenyewe haugusi giaboksi. Chini yake kuna kebo inayofanana na kebo ya breki ya baiskeli, lakini ni nene zaidi na ina uwezo wa kusukuma na kuvuta. Upande wa pili wa kebo umeshikwa na wenzo mdogo ulio ubavuni mwa giaboksi. Kiungo hicho huwa na bushi ya plastiki au ya mpira inayobana kwenye kichwa cha chuma. Wenzo huo mdogo ukizungushwa, huzungusha mhimili unaoingia ndani ya giaboksi.

Mhimili huo hufanya kazi tatu kwa pamoja. Kwanza, husogeza vali inayoelekeza mafuta ya giaboksi kwenye klachi za kwenda mbele au za kurudi nyuma. Pili, ukifika P husukuma jino la chuma liingie kati ya meno ya gurudumu lililounganishwa na mhimili wa kutokea wa giaboksi. Hicho ndicho kinachozuia gari lisiserereke. Tatu, huzungusha swichi ya umeme iliyo ubavuni mwa giaboksi. Swichi hii huruhusu stata ifanye kazi kwenye P na N tu, huwasha taa nyeupe za nyuma kwenye R, na katika magari mengi hupeleka habari kwenye dashibodi ili herufi inayohusika iwake.

Kwa hiyo kuna mambo matatu yanayopaswa kukubaliana: herufi iliyo kando ya mkono, herufi inayowaka kwenye dashibodi, na mahali giaboksi ilipo kweli. Ya kwanza huonyesha tu mkono uliposimama. Ya pili huonyesha swichi iliposimama. Ya tatu haionekani, nayo ndiyo inayoamua kama gari litatulia au litaondoka. Kutafuta hitilafu ya mkono wa gia ni kuchunguza mahali ambapo makubaliano hayo yamevunjika.

Kifungio cha P

Magari mengi ya otomatiki yana kifungio kinachozuia mkono kutoka P kabla dereva hajakanyaga breki. Kifungio hicho huendeshwa na solenoidi, yaani sumaku ya umeme inayosukuma au kuvuta pini ndogo chini ya mkono. Solenoidi hupata taarifa kutoka kwenye swichi ileile inayowasha taa za breki. Mguu ukikanyaga breki, taa za nyuma huwaka, pini hutoka njiani kwa mlio mdogo wa "tik", na mkono huwa huru.

Magari yanayotumia ufunguo wa kuzungusha huwa pia na kifungio cha pili: ufunguo hautoki mpaka mkono urudishwe P. Hapo hutumika kebo nyingine nyembamba, au swichi ndogo iliyo kwenye shina la mkono.

Historia

Giaboksi ya kwanza ya otomatiki iliyouzwa kwa wingi ni Hydra-Matic ya kampuni ya General Motors ya Marekani. Ilitangazwa mwaka 1939 kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Giaboksi hiyo haikuwa na P. Dereva alizima injini na kuacha gari kwenye R. Mwaka 1956 kampuni ya Chrysler ilianza kutumia vitufe badala ya mkono, lakini iliviacha katikati ya miaka ya 1960.

Kifungio cha P kilienea baada ya malalamiko ya miaka ya 1980 nchini Marekani kwamba magari ya Audi 5000 yaliondoka ghafla yenyewe. Mwaka 1987 Audi iliwataka wenye magari hayo wayarudishe ili yafungwe kifungio hicho. Uchunguzi wa serikali ya Marekani uliotolewa mwaka 1989 ulieleza kwamba chanzo kikuu cha matukio ya aina hiyo kilikuwa madereva kukanyaga pedali ya mafuta wakidhani ni ya breki. Hata hivyo kifungio kilionekana kuwa na faida, na sheria ya Marekani ikakifanya cha lazima kwa magari mepesi yenye P yaliyotengenezwa kuanzia tarehe 1 Septemba 2010. Faida nyingine ni kwa watoto: mtoto anayechezea mkono bila kufikia pedali hawezi kuutoa kwenye P.

Umuhimu wa bushi ndogo ya kebo ulionekana mwaka 2022. Kampuni ya Ford iliwataka wenye magari takriban milioni 2.9 nchini Marekani wayarudishe kwa mawakala, kwa kuwa bushi ya kebo ya gia iliweza kuchakaa au kuachia. Dereva angeweka mkono kwenye P, lakini giaboksi ingebaki kwenye gia nyingine, na huenda asione onyo lolote.

Tahadhari kabla ya kutafuta hitilafu

Gari liwekwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yazuiwe kwa mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma. P peke yake haitoshi. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele, jino la P hufunga magurudumu ya mbele tu. Tena, gurudumu moja la mbele likinyanyuliwa kwa jeki, difu ya kawaida huruhusu lililo hewani kuzunguka upande mmoja na lililo chini kuzunguka upande mwingine, na gari likaserereka ingawa limo kwenye P.

Wenzo ulio ubavuni mwa giaboksi usiguswe injini ikiwa inaunguruma. Mtu anayeusukuma akiwa amesimama mbele ya gari anaweza kuliingiza gia na kugongwa na gari lake mwenyewe.

Kabla ya kufungua kasha lililo kati ya viti ni vizuri kuondoa waya hasi wa betri na kusubiri dakika chache. Magari mengi yana kompyuta ya mifuko ya hewa chini ya kasha hilo. Plagi za mfumo huo kwa kawaida ni za rangi ya njano, na hazipaswi kuchokonolewa.

Hitilafu za kawaida baada ya matengenezo

Mkono kukataa kutoka P

Hatua ya kwanza ni kumwomba mtu atazame taa za breki wakati pedali inakanyagwa. Taa zisipowaka, uchunguzi uanze kwenye fyuzi ya taa hizo na swichi iliyo juu ya pedali, kwa kuwa kifungio kinazitegemea. Balbu kuungua peke yake hakuzuii kifungio. Fyuzi iliyokatika au swichi mbovu huzuia.

Taa zikiwaka, kinachofuata ni kusikiliza. Ufunguo ukiwa umewashwa na breki ikikanyagwa, mlio wa "tik" chini ya mkono huonyesha kwamba solenoidi inafanya kazi. Kusipokuwa na mlio, huenda plagi yake haikurudishwa wakati kasha lilipofungwa. Hilo ni kosa la kawaida sana, kwani plagi hiyo hufichika chini ya kifuniko.

Mlio ukisikika na mkono bado umekwama, tatizo huwa la chuma na si la umeme. Mara nyingi kirungu kimefungwa vibaya, na kitufe chake hakisukumi fimbo iliyo ndani ya mkono. Springi na kipande kidogo cha plastiki cha kitufe huruka kirungu kinapong'olewa, na mtu akivikosa hufunga kirungu bila hivyo. Sarafu au skrubu iliyoanguka ndani ya kasha nayo huweza kuzuia pini.

Magari mengi yana njia ya dharura ya kuachia kifungio: tundu au kitufe kidogo karibu na mkono, ambacho kwenye magari mengi ya Japani kina maandishi ya SHIFT LOCK. Hubonyezwa breki ikiwa imekanyagwa. Njia hii ni ya kuliondoa gari mahali lilipokwama, si ya kutumia kila siku. Mtu anayekata pini ya kifungio ili apumzike na usumbufu ameondoa kinga ya mtoto wake pia.

Gari kutowaka kwenye P

Taa za dashibodi zikiwaka vizuri lakini stata ikawa kimya kabisa, watu wengi hulaumu betri. Baada ya kazi ya mkono wa gia ni busara kujaribu kwanza kuwasha kwenye N, mguu ukiwa kwenye breki. Likiwaka kwenye N na kukataa kwenye P, au likiwaka mkono ukisukumwa kwa nguvu mbele, basi swichi ya giaboksi haifikii mahali pake. Sababu ya kawaida ni kebo iliyofungwa ikiwa fupi au ndefu kuliko inavyotakiwa. Lisipowaka popote, huenda kebo imechomoka kabisa na giaboksi imebaki kwenye D.

Herufi kutokubaliana

Mkono ukiwa P na dashibodi ikionyesha R, au mkono ukiwa D na dashibodi ikionyesha N, kebo inapaswa kushukiwa kwanza, hasa ikiwa imeguswa. Ikiwa kebo iko sawa, swichi ya giaboksi huenda imesogea kwenye skrubu zake. Herufi za dashibodi zikikubaliana na mwendo wa gari, lakini alama ya kando ya mkono ikawa pembeni kidogo, kwa kawaida ni kifuniko chenye herufi ambacho hakikukaa kwenye klipu zake.

Mkono kuwa mwepesi

Mkono wenye afya husikika ukiingia kila kituo. Mguso huo hutoka ndani ya giaboksi, ambako springi hukaa kwenye mabonde ya bamba la chuma, nao hufika mkononi kupitia kebo. Mkono ukienda mbele na nyuma kama kijiko ndani ya kikombe, kebo imeachia: bushi imepasuka, klipu haikurudishwa, au kebo imekatika. Gari hubaki kwenye gia ya mwisho iliyokuwamo. Hii ndiyo hali ya hatari kuliko zote. Dereva akisukuma mkono hadi P, herufi itasema P huku giaboksi ikiwa bado kwenye D. Injini ikiunguruma, gari litaondoka mara mguu ukitoka kwenye breki. Injini ikizimwa, halina kinachoizuia kwenye mteremko ila breki ya mkono.

Kufunga bushi kwa waya au kamba ya plastiki ni jambo linalofanyika, lakini joto la injini hulegeza vifungo hivyo. Bushi mpya ni kitu kidogo. Ajali inayotokana na kuikosa si ndogo.

Ufunguo kutotoka

Ufunguo ukikwama baada ya kuegesha, huenda swichi ndogo ya P haibonyezwi na shina la mkono, au kebo nyembamba ya ufunguo haikurudishwa. Mara nyingine kusukuma mkono mbele zaidi huachia ufunguo, dalili kwamba mkono haufiki mwisho wa njia yake. Kifuniko cha ngozi kilichokunjamana huweza kuleta hali hiyo.

Kurekebisha kebo

Karibu kila kebo ya gia ina mahali pa kurekebishia urefu, ama kwa nati inayotelezeshwa kwenye mwanya, ama kwa klipu ya kufungia. Watengenezaji wengi hutaka kazi hii ifanywe kwenye N, wengine kwenye P au D. Kitabu cha gari husika ndicho cha kufuatwa.

Kwa njia ya N, injini huzimwa, magurudumu huzuiwa na kebo huachiwa kwenye wenzo wa giaboksi. Wenzo huo husukumwa hadi mwisho wa upande wa P, kisha hurudishwa vituo viwili, wa kwanza ukiwa R na wa pili N. Mkono wa ndani huwekwa N. Hapo kebo hukutanishwa na wenzo bila kuvutwa wala kusukumwa, na nati hukazwa. Upande wa P hutambulika kwa urahisi: wenzo ukiwa huko, gari halisogei likisukumwa kidogo kwa mkono.

Majaribio kabla ya kurudi barabarani

Kazi haijaisha mkono unapoingia D na gari likaenda. Majaribio yafuatayo hayahitaji kifaa chochote:

1. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa, mkono hupitishwa vituo vyote taratibu, na kila herufi hulinganishwa na ya dashibodi.
2. Bila kukanyaga breki, mkono hujaribiwa kutolewa P. Haupaswi kutoka.
3. Mguu ukiwa kwenye breki na breki ya mkono imevutwa, injini hujaribiwa kuwashwa katika kila kituo. Inapaswa kuwaka kwenye P na N tu.
4. Msaidizi aliyesimama ubavuni hutazama taa nyeupe za nyuma. Zinapaswa kuwaka kwenye R tu.
5. Kwenye mteremko mdogo usio na watu, vizuizi huwekwa upande wa chini hatua fupi kutoka kwenye magurudumu. Injini huzimwa, mkono huwekwa P, breki ya mkono huachiwa, kisha mguu huondolewa taratibu. Gari hutikisika kidogo na kusimama. Likiendelea kuteremka, hukanyagwa breki, na gari halitumiki mpaka kebo irekebishwe.

Jaribio la tano ndilo pekee linaloipima P yenyewe. Mengine yote hupima mkono, swichi na taa.

Mikono ya kielektroniki

Magari mengine hayana kebo. Toyota Prius iliyotoka mwaka 2003, kwa mfano, ina mkono mdogo unaorudi katikati kila unapoachiwa, na kitufe cha pekee cha P; amri hupelekwa kwa umeme. Katika magari ya namna hii mahali mkono uliposimama hapamwambii dereva lolote, na ni lazima asome dashibodi kabla ya kushuka. Mwaka 2016 kampuni ya Fiat Chrysler iliwataka wenye magari takriban milioni 1.1 duniani wayarudishe kwa marekebisho, kwa sababu baadhi ya madereva walishuka wakidhani wameweka P kumbe hawakuweka. Mikono hii ikigoma baada ya matengenezo, hukaguliwa kwa kompyuta ya fundi.

Katika Afrika Mashariki

Magari mengi ya otomatiki yaliyoko Tanzania, Kenya na Uganda yaliingizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Plastiki za bushi na klipu zake zina umri, na vitabu vyake mara nyingi ni vya Kijapani au havipo kabisa. Kwa sababu hiyo ni vema kupiga picha kila hatua ya kufungua, na kuweka alama ya rangi kwenye kebo mahali nati ilipokuwa kabla ya kuilegeza.

Wakati wa kumwona fundi

Kuna dalili zisizotokana na mkono wala kebo: gari kuchelewa kuondoka baada ya kuwekwa D, injini kupanda mlio bila mwendo kuongezeka, kishindo wakati wa kubadilisha gia, au mafuta ya giaboksi kuwa meusi na kunuka kuungua. Hizo ni habari za ndani ya giaboksi. Fundi anapaswa kuonwa pia pale herufi zote zinapokubaliana na bado gari halishikwi na P, kwa maana jino la kufungia au gurudumu lake huenda limelika. Mpaka litakapotengenezwa, gari hilo lisiachwe mahali penye mteremko, hata kwa dakika moja.